Mguu Usiosikia Moto

Jumanne, 30 Machi 1976

Nimetoka zamu saa moja asubuhi. Ukungu. Njia ya kambini haionekani.

Nchi hii isingekuwa na chai bila mimi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli na hakuna mwingine wa kuandika. Meneja anasaini karatasi, sawa. Lakini ni nani anayeinama juu ya majani usiku, ananusa, anasema sasa? Mimi. Majani yakitolewa mapema, chai ni nyasi. Yakizidi kuchacha, ni siki. Wengine wanatazama saa. Mimi nanusa. Wazungu huko kwao wanadhani wanakunywa chai. Wanakunywa pua yangu.

Miaka kumi na mmoja zamu ya usiku. Wenzangu wanabadilishana, wiki mchana wiki usiku. Mimi sibadilishwi. Niliomba mwenyewe. Wananiita Popo.

Nimelala saa tatu hadi saa tano. Jirani anatwanga mahindi, kinu kiko pembeni ya ukuta wangu. Basi. Saa mbili zinatosha. Mtu mkubwa halali sana.

Kiu. Chai vikombe vinne, vijiko sita kila kikombe. Dawa ya kufukuza usingizi ni sukari. Huko Igowole watu wanapanga foleni kuipata. Mimi mwenye duka ananiwekea.


Ijumaa, 2 Aprili

Kiu tena. Mchana huu nimeamka mara tano kwenda kukojoa. Sikulala. Nilijilaza.

Nyuma ya nyumba, pale ninapokojoa, sisimizi wamejaa. Mke wa Chengula kawaona. Chengula ndiye mchochea boila wetu, tunakaa ukuta mmoja. Mkewe kasimamisha mchi akasema, "Popo, wewe unakojoa asali?" Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawajibu kwamba damu ya wakubwa ni tamu. Wakazidi.

Mkanda nimeutoboa tundu la tatu. Tumbo lipo palepale. Miguu imekonda.

Nikiwa kijana kule Usangu nilikesha siku tisa mfululizo nikifukuza viboko kwenye mpunga. Siku tisa bila kufumba jicho. Mzee mwenye shamba alilia akanipa ng'ombe.

Siku nne. Ng'ombe hapana.


Jumatano, 7 Aprili

Leo limetokea jambo.

Kabla ya alfajiri nilikuwa nimesimama mbele ya boila naota moto. Nimevaa katambuga za tairi. Chengula anasukuma magogo. Nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikafikiri, huyu mtu kaleta mbuzi na hakuniambia. Nikamuuliza nyama iko wapi.

Chengula akapiga kelele, "Popo! Unaungua!"

Naungua wapi? Nikatazama chini. Kaa la moto limekaa juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia, limetulia kama kuku anaatamia. Moshi unapanda. Nikaliokota kwa mkono. Mkono uliungua, nikalitupa. Mguu hakuna kitu. Nilikuwa kama namtazama mtu mwingine akiungua.

Nikasimama kama askari. Chengula ananitazama kama ameona maiti inatembea. Nikamwambia, babu yangu alikuwa na dawa ya moto, alinichanja nikiwa mtoto.

Dawa hiyo sikuwahi kuisikia mpaka nilipoitaja.


Ijumaa, 9 Aprili

Kiwanda kizima kinajua. Wanawake wa kuchambua chai wananipisha njia. Mmoja kaomba nimchanje mwanawe. Nikasema dawa hii haitoki nje ya ukoo.

Nimelala muda wa saa moja na nusu. Ganzi imepanda mpaka kwenye kifundo. Naona ni dawa inafanya kazi. Nimeanza kuiamini.


Jumamosi, 10 Aprili

Mchana kilabuni. Msimu wa ulanzi, mianzi inatoa pombe vizuri. Nilikuwa na mbeta yangu ya mwanzi, nakunywa taratibu, najieleza. Fundi mmoja wa matrekta, jina lake sitaliandika, akasema mbele ya watu: "Huyu si ndiye anayejisifu aliua chui kwa sepetu? Labda chui alikuja kuazima chumvi."

Watu walicheka. Chengula naye alicheka. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kulikuwa na moto wa kuchomea mahindi. Nikavua katambuga. Nikaweka mguu juu ya makaa. Nikawaambia wahesabu. Walihesabu mpaka thelathini.

Mpaka kumi na mbili. Lakini walihesabu.

Hakuna aliyecheka tena. Fundi yule kaninunulia mbeta nyingine. Bibi mmoja aliweka kikombe chake chini akasema kwa Kihehe kwamba kitu kisichosikia moto kimeshakufa. Akaondoka. Wivu.


Jumanne, 13 Aprili

Mguu umevimba. Katambuga haiingii. Nimefunga kidole kwa kitambaa cha gunia la sukari, nikapaka majani ya chai yaliyotafunwa. Hakiumi. Kisichouma si kidonda.

Usiku nilisinzia nimesimama mezani. Si usingizi. Macho yalikuwa wazi. Nilikuwa nanusa, halafu nikawa sinusi. Chengula ndiye aliyenitikisa bega. Meza nzima ilikuwa siki. Majani ya eka ngapi sijui.

Meneja kaja asubuhi. Kachukua konzi moja, kanusa, kaniangalia. Nikasema ni ukungu. Akageuka akaondoka. Angenitukana ningelala vizuri.

Sikulala.


Jumapili, 18 Aprili. Pasaka

Salome kaja kutoka Mbeya. Mtoto wa marehemu dada yangu, mimi ndiye mjomba wake pekee aliyebaki. Anakaa mtaa wa Soweto na mumewe, anashona nguo. Kaja na mkate na kitambaa cha shati langu.

Kapiga magoti, shikamoo Mjomba. Kabla sijaitikia kaziba pua. "Mjomba, humu ndani kuna panya amekufa."

Tukatafuta panya. Tukatoa kitanda nje. Tukatoa sanduku, ndoo, gunia. Mimi nikiwa mbele, nanusa kila pembe, namwambia, mwachie Mjomba wako, pua hii ndiyo inayoendesha kiwanda. Sikusikia harufu yoyote. Nikamwambia hakuna panya, ni ukungu wa Mufindi, unanuka.

Salome alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema taratibu, "Mjomba, kaa chini. Nipe mguu."

Alifungua kitambaa. Alitoka nje akatapika. Akarudi akachemsha maji, akauosha. Niliutazama. Mweusi mpaka kwenye shina la kidole. Usaha.

Nimekaa na harufu hiyo siku ngapi, na pua yangu hii.




Jumanne, 20 Aprili

Salome hakuondoka jana. Kanipeleka zahanati kwa nguvu. Mbele za watu, kanishika mkono kama mtoto.

Mganga wa zahanati ni kijana mpole, ana miwani imefungwa uzi. Hakuanza na mguu. Aliniambia nikojoe kwenye kopo. Akachukua kichupa cha dawa ya bluu, akadondosha mkojo wangu matone machache, akakichemsha juu ya taa ya spiriti. Ile bluu ikawa kijani. Ikawa njano. Ikawa machungwa. Haikusimama. Ikafika rangi ya tofali la kuchoma.

"Mzee Yohana, una ugonjwa wa sukari. Na si wa jana."

Ganzi ni hiyo. Kiu ni hiyo. Sisimizi ni hiyo. Dawa ya babu ni hiyo.

Akauliza nalala saa ngapi. Nikasema silali, mimi ni Popo, miaka kumi na mmoja. Nilitaka astaajabu. Aliandika tu. Kisha akasema kitu. Amesema watu wa zamu ya usiku wanamjia kwa kiu na matumbo na vidonda visivyopona, kuliko wachumaji wanaolala usiku. Nikamwambia mchumaji atapata wapi sukari ya vijiko sita. Akasema, hilo nalo lipo. Lakini kuna mlinzi hapa hanywi chai kabisa, naye anayo. "Sina kitabu kinachosema hivyo, Mzee. Nasema ninachokiona. Mwili usiolala, naona unasahau namna ya kutumia sukari."

Akaandika barua. Hospitali kubwa, Mbeya. Leo hii hii.

Nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi. Kiwanda kinanihitaji.


Alhamisi, 22 Aprili

Nimeingia zamu jana na juzi. Salome kakasirika kaenda kukaa kwa mke wa Chengula. Wanazungumza upande wa pili wa ukuta. Nasikia jina langu.

Mguu sasa mwekundu mpaka kwenye goti. Kwenye kinena kuna tezi kama yai.

Nimekunywa chai bila sukari. Haina maana yoyote.


Jumatatu, 26 Aprili

Homa. Nilianguka getini kabla ya zamu. Chengula alinibeba mgongoni mpaka kwenye trekta. Yule fundi wa chui ndiye aliyeendesha. Walinifikisha barabara ya lami. Hakuna aliyefanya mzaha. Ningependa mmoja angefanya.

Tukapanda basi. Makambako mvua. Salome aliuweka mguu wangu mapajani mwake njia nzima, umefungwa kwenye kanga yake. Abiria walihama viti. Nilitazama nje.


Jumatano, 28 Aprili

Wodi ya wanaume, Mbeya. Kidole gumba kimekatwa asubuhi. Walinichoma sindano ya ganzi. Sijui ya nini.

Daktari ni mtu mzima, ana haraka. Kasema hivi. Kidole si mwisho. Sukari isiposhuka kidonda hakifungi. Kisipofunga, watakata chini ya goti. Kaonyesha kwa upande wa kiganja chake. Hapa.

Nilitazama pale alipoonyesha. Sikuogopa. Sikusikia kitu.


Jumapili, 2 Mei

Daktari kasoma barua ya zahanati, ile habari ya kulala. Kasema hajawahi kulisoma jambo hilo popote. Halafu kasema, "Lakini kulala hakujaua mtu. Mzee, lala." Kaandika kwenye cheti: vidonge, sukari marufuku, zamu ya usiku marufuku, usiku alale.

Jirani yangu wa kitanda ni Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Nilimsimulia habari ya chui. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Hapa taa ya wodi haizimwi. Nalala vizuri. Kipimo jana njano.


Jumatatu, 10 Mei

Wameniruhusu Alhamisi. Kila Ijumaa nirudi na mkojo kwenye chupa. Nipo kwa Salome, Soweto. Vyumba viwili. Wao wanalala ndani na mtoto, mimi sebuleni, kwenye mkeka karibu na cherehani.

Siku nne sijalala usiku. Saa tatu wanafunga mlango, wanazima koroboi, mafuta ya taa ni shida. Nalala chali. Nahesabu mabati. Sioni mabati, nahesabu tu. Mchana nasinzia uani juani, kichwa kinaanguka kifuani, watoto wa jirani wanacheka.

Nimewaambia mazoea ya kiwanda. Mume wa Salome kasema yataisha. Mtu mwema, mfupi.


Ijumaa, 14 Mei

Tofali.

Daktari kakigeuza kichupa mara mbili. Kaniuliza nimekula nini. Nikasema ugali, mboga, vidonge. Nikaapa. Salome aliapa pia, kwa niaba yangu. Alimwambia daktari, "Mjomba wangu ana maneno mengi, lakini kwa hili hadanganyi."

Kidonda kimefunguka tena. Wiki mbili, kasema daktari. Ikiwa hivi, anakata.

Ni mimi. Usiku nikikesha mwili unadai kitu. Kwenye kabati kuna kopo la sukari ya mtoto. Nachovya kidole. Kisha kijiko. Jana nilifika chini, nikatikisa kopo ili sukari ijikusanye ionekane nyingi. Mtu wa miaka arobaini na tisa.

Njiani kurudi Salome alinishika mkono mahali penye matope. Sikumwambia.


Jumatatu, 17 Mei

Nimemwambia. Asubuhi, mumewe akiwa kazini. Nilimpa kopo lenyewe mkononi. Alitazama ndani.

Nilingoja anitukane. Akasema, "Kwa nini, Mjomba?" Nikasema usingizi hauji, na usipokuja tumbo linaita utamu kama mlevi anaita pombe. Akauliza kwa nini usingizi hauji. Nikasema sijui.

Kaweka kopo chumbani kwao. Kaendelea kushona. Alishona kola nzima bila kuinua kichwa.


Jumatano, 19 Mei

Jana Salome alikuwa na sare za shule za kumaliza. Alikaa na cherehani baada ya wengine kulala, koroboi juu ya meza. Nilijilaza nikitazama kivuli cha mguu wake ukikanyaga pedeli ukutani. Nilipozinduka kulikuwa kumekucha. Sikuamka hata kukojoa mara moja.

Kaniambia nilikoroma mpaka uzi ukakatika. Nikasema ni mlio wa cherehani. Unafanana na mashine za kiwandani, mwili wangu umezoea mashine.

Sare kazimaliza. Leo usiku sijui itakuwaje.


Alhamisi, 20 Mei

Hakushona. Alipanga nguo, akafunga dirisha, akapita karibu na koroboi akiwa na mtoto mgongoni. Nilimwona akisimama. Akaupunguza utambi, ukabaki mwanga wa ukubwa wa punje ya hindi. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nililala.


Jumapili, 23 Mei

Barua ya Chengula, kaandikiwa na mtoto wake wa darasa la sita. Wananisalimu wote. Mkewe anauliza kama Mbeya kuna sisimizi. Kwenye meza yangu wameweka kijana kutoka zamu ya mchana, anatumia saa ya ukutani. Chai inatoka vizuri. Meneja amesema nikipona nitapata kazi ya mchana, kupima magunia.

Chai inatoka vizuri. Nimeisoma mara tatu. Nilidhani nitasikia kitu.

Salome kauliza barua inasemaje. Nikamwambia kiwanda kinayumba, wananililia. Akasema, "Pole yao." Akanipakulia mboga.


Ijumaa, 28 Mei

Kijani.

Daktari alikipeleka kichupa dirishani. Akamwita muuguzi aje aone. Kauliza nimefanya nini. Salome akajibu kabla yangu: "Amelala." Daktari akasema labda ni vidonge, labda ni kuacha sukari, labda ni usingizi, hawezi kuvitenganisha. Hakuna haja ya kuvitenganisha, akasema. Endelea na vyote.

Mguu unabaki. Kaandika kwenye cheti.

Salome alilia kwenye benchi. Mimi nilikuwa natazama kichupa. Kijani cha majani ya chai mabichi kabla hayajaguswa.


Jumatano, 2 Juni

Baridi. Asubuhi umande mweupe kwenye nyasi za uani. Kidonda kimekauka pembeni, katikati bado kidogo. Nimetembea mpaka bombani na kurudi. Bila kidole gumba mtu anatembea kama anayekwepa kitu.

Jana usiku, kwenye kisigino, nimesikia baridi ya sakafu. Kidogo. Nilikanyaga mara ya pili kuhakikisha. Ilikuwepo.

Mume wa Salome kauliza mafuta ya taa yanakwishaje upesi hivi. Salome kamwambia ni kwa ajili ya Mjomba, akiamka usiku asije akajikwaa kidonda. Jioni mume kaja na chupa imejaa, kaiweka karibu na mlango. Salome hajaniuliza lolote. Anapunguza utambi, anasema lala salama Mjomba, anaingia.

Basi. Daftari hili hakuna anayelisoma. Kule kambini hakuna umeme, na kiwandani taa zinawaka mpaka asubuhi. Ndiyo maana niliomba usiku. Mambo ya pua, mambo ya uwezo wa kukesha, yalikuja baadaye.

Naogopa giza.